Mafuta ya Taa, Mafuta ya Nazi: Jeni za Bakteria Wanaokula Haidrokaboni

Kiswahili hutumia neno moja, mafuta, kwa kile kinachowaka katika kibatari, kile kinachokaangia samaki, kile kinachopakwa mwilini na kile kinachojazwa kwenye lori. Mwalimu wa kemia hukereka kidogo kwa mchanganyo huo, kwa kuwa kwake mafuta ya taa na mafuta ya nazi ni koo mbili mbalimbali. Hata hivyo wapo viumbe ambao matendo yao yanalitetea neno letu. Bakteria aitwaye Pseudomonas putida, hasa yule anayetambuliwa maabara kwa alama ya GPo1, akikutana na dodekani, ambayo ni mojawapo ya viambato vya mafuta ya taa, huipachika oksijeni kwenye ncha, na baada ya hatua tatu tu huwa amepata asidi ya lauri, asidi ile ile ambayo ni karibu nusu ya mafuta ya nazi. Kutoka hapo kazi yake ni nyepesi: huikata asidi hiyo vipande vya kaboni mbili mbili na kuila, kwa njia ambayo haiko mbali na ile inayotumiwa na mwili wa binadamu kuyachoma mafuta ya wali wa nazi uliolwa jana.

Kwa hiyo linalomtofautisha bakteria huyu na sisi ni hatua hizo tatu za mwanzo, hasa ile ya kwanza kabisa. Dodekani ni mnyororo wa atomi 12 za kaboni uliovikwa atomi 26 za haidrojeni, wala hauna kingine. Hauna chaji ya umeme, hauna oksijeni, hauna mahali palipojitokeza ambapo kimeng'enya cha kawaida, yaani protini inayoendesha kemia ya seli, kingeweza kuukamata. Ni mfano wa nazi isiyo na macho: huoni pa kuanzia kutoboa. Ndiyo maana mafuta ya taa yanaweza kukaa dumuni mwaka mzima yakigusana na hewa yenye oksijeni tele na yasibadilike, mpaka mtu ayawashe kwa kiberiti. Kibatari huivunja nguvu ya mnyororo ule kwa moto. Bakteria huivunja katika maji ya vuguvugu, na chombo chake cha kuvunjia kimeandikwa katika jeni iitwayo alkB.

Protini inayotengenezwa kwa maelekezo ya jeni hiyo huitwa AlkB. Kwa kawaida jina la jeni huanza kwa herufi ndogo na jina la protini yake kwa herufi kubwa. AlkB hukaa ndani ya utando wa seli, nayo imeshikilia atomi mbili za chuma. Kazi yake ni kuichukua molekuli ya oksijeni, kuigawa mara mbili, atomi moja kuipachika kwenye ncha ya mnyororo wa mafuta na nyingine kuiacha itoke kama maji. Lakini haiwezi kufanya hivyo bila kupewa elektroni, na elektroni hizo haizipati yenyewe. Protini ya AlkT huzipokea kutoka kwenye akiba ya nishati ya seli, humkabidhi AlkG, naye AlkG huzifikisha kwa AlkB, kama vibarua wanaopokezana karai za zege kutoka chini hadi ghorofani. Ukimwondoa kibarua mmoja katikati, zege halifiki. Mafuta yakishapata oksijeni ya kwanza huwa ni alkoholi. AlkJ huigeuza kuwa aldehidi, AlkH huigeuza aldehidi kuwa asidi, na AlkK huitayarisha asidi hiyo kuingia katika njia ya kawaida ya kuchoma mafuta. Protini nyingine, AlkL, hukaa kwenye utando wa nje kama mlango wa kupitishia mafuta yenyewe, kwa sababu kuwa na jiko ndani hakusaidii kama chakula kimebaki barazani.

Jeni hizi nyingi zimepangana mstari mmoja, alkB, alkF, alkG, alkH, alkJ, alkK na alkL, na husomwa kwa pamoja, ilhali alkS na alkT zimekaa kando kidogo. Zote hazimo katika kromosomu ya bakteria bali katika plasmidi, yaani kipete cha DNA kinachojitegemea, ambacho katika GPo1 huitwa OCT. Jambo hilo lina uzito wake, nami nitalirudia.

Hapa inafaa kutoa tahadhari juu ya jambo dogo ambalo huwapotosha hata wanafunzi wa shahada ya pili. Jina alkB lina wenyewe wawili. Katika Escherichia coli, bakteria wa utumbo, kuna jeni nyingine kabisa iliyopewa jina hilo hilo, na kazi yake ni kukarabati DNA iliyoharibiwa kwa kemikali. Haina uhusiano wowote na kula mafuta. Mtu anayechambua mpangilio wa DNA kwa kompyuta akayaamini majina bila kuzitazama protini zenyewe anaweza kuandika ripoti ndefu kuhusu uwezo wa udongo fulani wa kujisafisha, kumbe alichokihesabu ni mafundi wa kukarabati DNA.

AlkB ya GPo1 hupenda minyororo mifupi, ya kaboni 5 hadi 12 hivi. Mafuta ghafi yana minyororo mirefu zaidi ya hapo, na kwa kila urefu kuna familia nyingine ya vimeng'enya. Ipo ya CYP153, ambayo ni ndugu wa mbali wa vimeng'enya vya ini letu vinavyoshughulikia dawa na sumu. Kwa minyororo mirefu sana, ile ambayo katika joto la kawaida huganda na kuwa nta, ipo jeni ya almA iliyopatikana kwa bakteria wa jenasi ya Acinetobacter, na ipo ladA ya Geobacillus thermodenitrificans, bakteria apendaye joto aliyetolewa katika kisima cha mafuta huko kaskazini mwa China, ambaye hula minyororo ya kaboni 15 hadi 36. Hili si jambo la mbali kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Mafuta ghafi ya Ziwa Albert, Uganda, na yale ya Turkana, Kenya, yana nta nyingi kiasi kwamba hayatiririki bila kupashwa moto; bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, lilisanifiwa kuwa na mfumo wa kuyapasha mafuta njia nzima. Mafuta ya namna hiyo yakimwagika hayatapakai kama dizeli, bali huganda pale yalipoangukia, nayo AlkB ya minyororo mifupi haina mengi ya kufanya hapo.

Sehemu ngumu zaidi ya mafuta ghafi ni ile ya molekuli za pete: benzeni, tolueni, naftalini na jamaa zao wenye pete tatu, nne au tano zilizoshikana. Naftalini msomaji anaijua. Ndiyo vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyowekwa kabatini kufukuza nondo. Hapa pia tatizo ni pa kuanzia, lakini suluhisho ni tofauti. Badala ya kupachika atomi moja ya oksijeni kwenye ncha, kimeng'enya kinachotokana na jeni za nahAa, nahAb, nahAc na nahAd hupachika atomi zote mbili za oksijeni kwa mkupuo mmoja kwenye kaboni mbili zinazopakana katika pete. Pete iliyokuwa imara huwa imepata ufa. Vimeng'enya vinavyofuata huupanua ufa huo mpaka pete moja inafunguka, na kinachobaki ni asidi ya salisili, mama wa aspirini. Hapo ndipo inapoishia nusu ya kwanza ya njia. Nusu ya pili huigeuza asidi hiyo kuwa katekoli, pete ya katekoli hupasuliwa, na vipande vyake huingia katika mkondo wa kawaida wa chakula cha seli.

Kupasuka kwa katekoli ni jambo linaloonekana kwa macho, na nadhani ni mojawapo ya maonyesho mazuri kabisa ya biolojia yasiyohitaji mashine. Chukua sahani ya maabara yenye makundi ya bakteria, meupe-meupe na yasiyo na sura ya kupendeza, kisha yanyunyizie katekoli iliyoyeyushwa katika maji. Makundi ambayo jeni yao ya xylE, ile ya kimeng'enya kinachopasua katekoli, inafanya kazi hugeuka manjano kama bizari mbele ya macho yako, na yale yasiyokuwa nayo hubaki meupe. Rangi ile ya manjano ndiyo pete iliyopasuliwa. Kwa miaka mingi, kabla vipimo vya DNA havijawa rahisi, watafiti wengi walitumia mpulizo huo kujua ni bakteria yupi mwenye jeni na yupi asiyekuwa nayo.

Rangi nyingine ilitokea bila kutarajiwa. Mwaka 1983 watafiti wa kampuni ya Amgen ya Marekani walikuwa wamehamishia jeni za kula naftalini ndani ya Escherichia coli, na makundi ya bakteria yakageuka buluu. Ilikuwa nili, nili ile ile inayotia rangi vitambaa vya jinzi. Kimeng'enya kilichoumbwa kuishambulia naftalini kilikuwa kimeikuta ndani ya seli molekuli nyingine yenye pete mbili, indoli, ambayo E. coli huitengeneza mwenyewe kutokana na protini anayokula; kikaipachika oksijeni vile vile, na hewa ikamalizia kuigeuza kuwa nili. Funzo la kikemia ni kwamba vimeng'enya hivi havina ubaguzi mkubwa. Hutazama umbo, na molekuli inayofanana na chakula chao hupokewa kama chakula. Ulegevu huo ndio unaoviwezesha kushika uchafuzi wa aina nyingi ambao bakteria hawajawahi kukutana nao.

Sasa nirudi kwenye plasmidi. Jeni za nah zilichunguzwa kwanza katika plasmidi iitwayo NAH7, na jeni za xyl, zinazoshughulikia tolueni na zaileni, katika plasmidi ya TOL, zote zikiwa za Pseudomonas putida. Plasmidi hizi mbili zinaweza kupitishwa kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine wanapogusana, hata kama hawana uhusiano wa kuzaliana. Hivyo uwezo wa kula kitu fulani unaweza kuenea katika udongo si kwa watoto wa mwenye uwezo peke yao, bali kwa majirani pia, kama mapishi yanavyopita ua hadi ua. Katika plasmidi ya OCT, jeni za alk zenyewe zina mchanganyiko wa herufi za DNA usiolingana na ule wa mwenyeji wake, dalili kwamba huyo naye alizipokea kutoka kwingine.

Ananda Chakrabarty, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Electric huko Marekani, aliona mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba kama uwezo huu uko katika plasmidi, basi unaweza kukusanywa. Alimtengeneza Pseudomonas mmoja aliyebeba plasmidi kadhaa kwa pamoja, kila moja ikiwa na jeni za kula sehemu yake ya mafuta. Kampuni iliomba hataza, yaani haki ya kipekee ya mvumbuzi, ya bakteria huyo, ofisi ya hataza ikakataa kwa hoja kwamba kiumbe hai hakimilikiwi, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo tarehe 16 Juni 1980 iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba hataza inaruhusiwa. Uamuzi huo ulifungua mlango wa biashara nzima ya bioteknolojia. Bakteria mwenyewe hakuwahi kupelekwa baharini kusafisha mafuta yaliyomwagika. Watu wengi huisimulia habari hii kama ushindi uliozuiwa na sheria na woga, lakini kwa maoni yangu sababu kubwa ni nyingine: alikuwa jibu la swali lisilokuwepo. Bahari haikuwa na upungufu wa jeni.

Ushahidi wa hilo unaweza kuupata kwa vifaa vichache. Tia katika chupa maji yenye chumvi za naitrojeni na fosforasi, bila sukari wala chakula kingine, ongeza matone ya dizeli, halafu kijiko cha udongo wa gereji uliolowa oili chafu, na uitikise chupa hiyo mchana na usiku. Siku ya kwanza dizeli huelea juu kama kioo chenye rangi za upinde wa mvua. Baada ya siku kadhaa kioo kile hukatika-katika, huwa vitone vidogo, na maji ya chini yaliyokuwa meupe hugeuka ukungu. Ukungu huo ni bakteria. Sasa rudia jaribio lile kwa udongo wa shambani, chini ya mgomba, ambao haujawahi kuguswa na dizeli. Huchukua muda mrefu zaidi, lakini aghalabu ukungu huja.

Wanatoka wapi? Jibu liko kwenye jani la mgomba lenyewe. Maji hayatulii juu yake kwa sababu limepakwa nta, na katika nta ya majani ya mimea mna alkani, minyororo ya kaboni na haidrojeni ya aina ile ile inayopatikana katika mafuta ghafi. Majani yamekuwa yakianguka ardhini kwa mamilioni ya miaka, na bakteria wa udongo wamekuwa wakiyala. Baharini ni vivyo hivyo: bakteria wadogo wanaoishi kwa mwanga wa jua, Prochlorococcus na Synechococcus, hutengeneza pentadekani na heptadekani ndani ya miili yao, na kwa jumla yao wote kiasi kinachotengenezwa kila mwaka kinakadiriwa kuwa mamia ya mamilioni ya tani. Juu ya hayo, mafuta huvuja yenyewe kutoka sakafu ya bahari katika sehemu nyingi za dunia. Ndiyo maana yupo bakteria kama Alcanivorax borkumensis, aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 1998, ambaye karibu hana chakula kingine isipokuwa alkani. Katika maji safi ni nadra kumwona. Mafuta yakimwagika, huongezeka kwa kasi mpaka akawa miongoni mwa walio wengi zaidi. Mpangilio wake wote wa DNA ulisomwa mwaka 2006, na ndani yake mna alkB mbili pamoja na vimeng'enya vya jamii ya CYP153.

Kutokana na hayo, anayekuja na ripoti kwamba amepata jeni za alkB katika sampuli ya udongo amesema jambo la kweli lenye habari kidogo. Swali lenye maana ni kama jeni hizo zinasomwa. Kuwa na kitabu cha mapishi kabatini si kupika, na seli ya bakteria ni bahili sana: haitengenezi kimeng'enya isichokihitaji. Katika mfumo wa alk, protini ya AlkS ndiyo mlinzi wa mlango. Ikigusana na alkani huziamsha jeni nyingine. Lakini pakiwepo chakula chepesi zaidi karibu, seli huzinyamazisha jeni za alk hata kama mafuta yapo, kama mtoto aliyewekewa ugali na maandazi. Katika mfumo wa nah, mlinzi ni NahR, naye ana tabia ya ajabu kidogo: hamsikilizi naftalini mwenyewe, bali asidi ya salisili inayozalishwa katikati ya njia. Kiasi kidogo cha vimeng'enya huwa kipo daima, hicho huanza kuila naftalini, salisili huonekana, na hapo ndipo NahR huamuru uzalishaji mkubwa.

Tofauti baina ya kuwa na jeni na kuitumia ilionekana wazi katika Ghuba ya Meksiko. Tarehe 20 Aprili 2010 jukwaa la kuchimbia la Deepwater Horizon lililipuka, watu 11 wakafa, na kisima kikatoa mafuta kwa siku 87. Sehemu ya mafuta hayo haikufika juu, bali ilitanda kama wingu la matone madogo mno kwenye kina cha mita 1,100 hivi, ambako joto la maji ni nyuzi 5 za Selsiasi. Wengi walidhani katika baridi hiyo hapatatokea kitu. Watafiti waliochota maji ya wingu lile walikuta bakteria wa oda ya Oceanospirillales wameongezeka mno wakilinganishwa na maji ya kando. Kisha walichambua DNA, inayoonyesha jeni zipi zipo, na RNA, inayoonyesha jeni zipi zinasomwa wakati ule. Jeni za kushambulia alkani zilikuwa zikisomwa kwa bidii. Jeni za kushambulia benzeni na jamaa zake zilionekana katika DNA lakini zilikuwa zikisomwa kwa uchache. Maji yale yale, saa ile ile, vitabu viwili kabatini, na kimoja tu kimefunguliwa.

Yote niliyoyaeleza mpaka hapa yanategemea oksijeni, na hapo ndipo hesabu inapokuwa chungu. Ili kuichoma gramu moja ya dodekani mpaka imalizike yote kuwa kaboni dioksidi na maji, zinahitajika gramu tatu na nusu hivi za oksijeni. Lita moja ya maji ya vuguvugu yaliyoshiba hewa ina miligramu 8 tu. Maana yake ni kwamba gramu moja ya mafuta, ambayo haijazi hata kijiko cha chai, inaweza kumaliza oksijeni yote ya maji zaidi ya lita 400. Baharini, ambako maji hutembea, deni hilo hulipika. Ndani ya udongo mzito uliolowa mafuta na maji, oksijeni huisha katika tabaka la juu na haishuki tena.

Zipo jeni kwa ajili ya mahali pasipo na oksijeni pia. Kimeng'enya kinachotokana na bssA huichukua tolueni na kuiunganisha na fumareti, molekuli ya kawaida ya seli, bila kuhitaji oksijeni hata chembe. AssA hufanya vivyo hivyo kwa alkani. Wanaozitumia jeni hizi hupumua salfeti, naitreti au chuma badala ya oksijeni. Ukichimba tope la mikoko kwa mkono, chini ya vidole vichache vya juu hukuta weusi na harufu ya mayai mabovu. Harufu hiyo ni ya bakteria wanaopumua salfeti ya maji ya bahari, na miongoni mwa jamii hizo wapo waliobeba assA. Mafuta yaliyomwagika katika hori ya Makupa, Mombasa, mwaka 1988, yaliua mikoko, na yanapozama katika tope la namna hiyo mafuta huwa katika mikono ya wafanyakazi hawa. Wanafanya kazi kweli, ila mwendo wao ni wa miaka pale ambapo wenzao wa juu huhesabu wiki.

Oksijeni si upungufu pekee. Mafuta ni kaboni nyingi bila naitrojeni na fosforasi za kutosha, na seli haiwezi kujenga mwili kwa kaboni peke yake, kama mtu asivyoweza kuishi kwa wanga mtupu. Baada ya meli ya Exxon Valdez kupasuka Alaska tarehe 24 Machi 1989, wasafishaji walinyunyiza mbolea kwenye fukwe, na mafuta ya juu yakapungua kwa haraka kuliko pale ambapo mbolea haikutiwa. Katika fukwe hizo hizo zilijaribiwa pia bidhaa mbili za kibiashara zenye bakteria wa chupani, na hazikuonyesha faida ya maana, kwa kuwa bakteria wenyeji walikuwa wamekwisha kuanza kazi. Lakini miaka 20 baadaye mafuta yalikuwa bado yapo chini ya changarawe, sentimita chache kutoka juu, kwa sababu tabaka lile la chini maji yake hayabadilishwi upesi na oksijeni yake ni haba. Jeni zilikuwepo juu na chini. Hewa ilikuwepo juu.

Mfano wenye gharama kubwa zaidi kwa watu ni wa Ogoniland, katika delta ya mto Niger. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa iliyotolewa Agosti 2011 ilieleza kwamba katika kijiji cha Nisisioken Ogale watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye benzeni zaidi ya mara 900 ya kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani. Baadhi ya maeneo yaliyochunguzwa yalikuwa yameorodheshwa kuwa yamesafishwa au yanaendelea kusafishwa. Njia iliyotumika ilikuwa ni kuulima udongo wa juu, kuutia mbolea, kuurundika matuta na kuwaachia bakteria waendelee, njia ambayo kwenye karatasi inalingana na kila nilichokieleza: hewa, naitrojeni, fosforasi na jeni za wenyeji. Wachunguzi walipochimba walikuta mafuta kwenye kina cha mita 5 au zaidi katika maeneo 49. Jembe halifiki mita 5. Mvua za delta, ambazo ni nyingi, ziliosha mbolea kutoka kwenye matuta na kuyasukuma mafuta chini zaidi, mpaka kwenye maji ya ardhini, ambako oksijeni ni haba na benzeni, ambayo huyeyuka katika maji kuliko alkani, inaweza kusafiri kuelekea visimani.

Ripoti ilipendekeza njia ile iachwe, udongo mchafu uchimbwe na kutibiwa mahali palipotandikwa kizuizi kinachozuia mafuta kupenya chini, na familia za Nisisioken Ogale zipewe maji mengine mara moja. Mtu akichota leo udongo wa juu katika matuta ya zamani na kuupima, huenda akakuta alkB nyingi. Kipimo kinachohitajika kiko chini ya hapo, ndani ya shimo refu kuliko urefu wa watu wawili waliosimama mabegani, na kinahitaji mashine ya kuchorong'a kabla ya kuhitaji maabara.